Kicheko katika Picha za Wachoraji wa Kale

Twataka kuwasimulia jambo dogo lililotokea darasani mwetu, kwa kuwa jambo hilo lilituongoza kwenye fikira kubwa. Ukutani mwa darasa tumetundika nakala ya picha mashuhuri aliyoichora Raphael, Mwitalia, yapata mwaka 1512. Picha hiyo yamwonyesha Bikira Mariamu amemchukua Mtoto Yesu mikononi, anatembea juu ya mawingu. Siku moja, katika somo la dini, watoto wa safu ya nyuma waliangua kicheko. Mzee mmoja wa kanisa alikuwapo, akakunja uso. Tulipouliza sababu, kijana mmoja alisimama, akaonyesha kwa kidole chini kabisa ya picha, walipo malaika wawili wadogo, akasema, "Mwalimu, yule amechoka kungoja, kama mdogo wangu mahubiri yakiwa marefu."

Mzee akasema, "Mwalimu, watoto hawa wanamcheka Mungu." Nasi, kwa kumstahi mzee, na kwa kuona haya, tuliwapa adhabu ya kufagia uwanja.

Lakini baadaye moyo wetu haukutulia. Tulirudi peke yetu mbele ya ile picha, tukaitazama sana, tukaona ya kuwa kijana yule alisema kweli. Basi tukajiuliza: Je, Raphael alikosa alipowachora hivyo? Au sisi ndio tuliokosa, kwa kudhani ya kuwa kitu kitakatifu hakina nafasi ya kicheko? Tukaanza kuzichungua picha nyingine za zama zile, yaani miaka 200 tangu 1400 hivi hata 1600, ambayo wataalamu huiita Zama za Ufufuo wa Elimu katika Ulaya. Hayo tuliyoyaona ndiyo tutakayoyaeleza hapa, kisha msomaji apime mwenyewe.

Na tuanze na picha hiyohiyo ya Raphael. Papa Julius wa Pili aliiagiza kwa ajili ya kanisa la Mtakatifu Sixtus katika mji wa Piacenza. Mwaka 1754 iliuzwa kwa mfalme Augustus wa Tatu, na leo imo katika nyumba ya picha ya Dresden, Ujerumani. Pande mbili za juu pana mapazia yaliyofunguliwa. Kushoto Mtakatifu Sixtus amepiga magoti, na kulia Mtakatifu Barbara. Uso wa Mariamu hauna kicheko hata kidogo. Macho yake yatazama mbele kama mtu ajuaye ya kuwa mwana amchukuaye atateswa. Huo ndio uzito wa picha. Ndipo chini, juu ya ubao ulio kama kizingiti, twawaona wale malaika wawili. Mmoja ameweka kidevu juu ya kiganja. Mwenziwe amekunja mikono, akalaza kidevu juu yake. Wote wawili wameinua macho, na nywele zao hazikuchanwa. Kila aliyepata kulea watoto awajua hawa.

Kwa nini mchoraji mkuu namna hii aliwatia watoto waliochoka kungoja mahali pa utukufu? Sisi twaona ya kuwa alifanya hivyo kwa kusudi. Mariamu yu juu ya mawingu, nasi tu chini. Katikati ni mbali sana. Malaika wale wawili wamekaa mpakani, wameegemea kama mtu aegemeavyo dirisha la nyumba yake, wakatufanya tuone ya kuwa mbingu si nchi ya ugenini. Tena tazama: Mtakatifu Barbara hamtazami Mtoto Yesu, ameinamisha macho upande wao. Wala uso wake hauna hasira. Kama mtakatifu aliye ndani ya picha hakuwakemea, sisi tulio nje tulipata wapi ruhusa ya kuwakemea waliowacheka?

Picha ya pili imo katika mji mdogo wa Recanati, Italia. Mchoraji wake ni Lorenzo Lotto, mzaliwa wa Venice, na yakadiriwa ya kuwa aliichora yapata mwaka 1534. Habari yake ni ile ya malaika Gabrieli kumpasha Mariamu habari njema, ambayo wachoraji wengine wameionyesha mara nyingi kwa utulivu mwingi: malaika apiga goti, Mariamu ainamisha kichwa. Lotto hakufanya hivyo. Malaika wake ameingia kwa ghafula, mkono mmoja juu, nywele zapeperuka bado. Mariamu amempa mgongo, ametugeukia sisi na viganja wazi, kama mtu asemaye, "Nifanye nini?" Na katikati yao, sakafuni, pana paka. Paka huyo amekunja mgongo, anakimbia kwa hofu, huku akigeuza kichwa kumtazama mgeni.

Mtu akicheka mbele ya paka huyu, hakosi. Lakini asiishie katika kucheka. Tumezoea mno kuisoma habari ya Gabrieli, hata hatuoni tena ya kuwa lilikuwa jambo la kutisha. Luka mwenyewe aeleza ya kuwa Mariamu alifadhaika, na ya kuwa malaika alimwambia asiogope. Lotto ametafuta njia ya kuturudishia mshtuko ule wa kwanza, akaona ya kuwa mnyama hawezi kujifanya. Mwanadamu aweza kuificha hofu yake kwa adabu. Paka hana adabu hiyo. Kwa hiyo paka ndiye shahidi wa kweli katika chumba kile ya kuwa aliyeingia si mtu. Hapo ucheshi umekuwa mtumishi wa imani.

Picha ya tatu ni ya zamani zaidi, ya mwanzo wa zama hizo, nayo ilitoka katika karakana ya Robert Campin wa mji wa Tournai, kati ya miaka 1427 na 1432 hivi. Leo imo New York, Marekani. Ina mbao tatu. Katika ubao wa kati Gabrieli amemjia Mariamu. Katika ubao wa kulia yupo Yusufu katika karakana yake ya useremala, hana habari ya jambo kubwa linalotendeka upande wa pili. Anatoboa matundu katika kipande cha ubao. Na juu ya meza yake ya kazi, na tena dirishani kwenye ubao wa kuonyesha bidhaa, ameweka kitu gani? Mitego ya panya!

Mtazamaji atacheka, aone ya kuwa mchoraji amemfanyia Yusufu mzaha, kwamba wakati wokovu wa ulimwengu unapoanza yeye ashughulika na panya wa jirani. Lakini mwaka 1945 mtaalamu Meyer Schapiro alikumbusha ya kuwa Agostino, askofu wa Hippo, aliyefariki mwaka 430, alizoea kuhubiri kwa mfano huo: Msalaba, alisema, ulikuwa mtego, na Shetani ndiye panya aliyenaswa. Hippo ulikuwa mji wa Afrika, katika nchi iitwayo leo Aljeria. Basi ikiwa Schapiro ameona sawasawa, mzaha wa seremala huyu ulisemwa kwanza mimbarini na mwana wa bara letu, ukasafiri miaka 1000 hata ukafika katika picha ya Ulaya ya kaskazini. Wahubiri wetu wanaoogopa kutumia mifano ya jikoni na ya ghalani na wamkumbuke Agostino.

Sasa tufike kwenye shauri lenyewe, maana mzee wa kanisa letu hakuwa mtu wa kwanza kukasirika. Mwaka 1573 mchoraji Paolo Veronese alimaliza picha kubwa kwa ajili ya chumba cha kulia cha watawa wa Mtakatifu Dominiko katika mji wa Venice. Upana wake wapita mita 12, na kimo chake ni mita 5 na nusu. Iliagizwa iwe picha ya Karamu ya Mwisho. Bwana wetu amekaa katikati na Thenashara wake, lakini pande zote pamejaa watu wa kila namna: askari wa Kijerumani wenye mikuki, watumishi wakipanda na kushuka ngazi, mtumishi mmoja atokwaye na damu puani, mbwa, na mchekeshaji mwenye kasuku mkononi. Hata mmoja wa mitume ashughulika na meno yake kwa uma.

Tarehe 18 Julai mwaka ule Veronese aliitwa mbele ya baraza la kuchunguza imani. Maneno ya shauri hilo yaliandikwa na yamehifadhiwa. Walimuuliza maana ya mtumishi mwenye damu puani. Akajibu ya kuwa ni mtumishi aliyepatwa na ajali. Walimuuliza habari ya askari. Akajibu ya kuwa mwenye nyumba alikuwa tajiri, na tajiri huwa na walinzi. Na mchekeshaji mwenye kasuku? Huyo, alisema, ni wa kupamba tu. Walipozidi kumbana, alieleza ya kuwa mahali pakibaki wazi katika picha, mchoraji huongeza watu kwa akili yake mwenyewe, na ya kuwa wachoraji hujipa uhuru uleule walio nao watunga mashairi na wendawazimu. Baraza halikuridhika. Aliamriwa aisahihishe picha katika muda wa miezi 3, kwa gharama yake mwenyewe.

Hapa twapenda kuwa waadilifu kwa pande zote mbili. Wale waamuzi hawakuwa wapumbavu. Walijua ya kuwa katika nchi nyingine za wakati ule picha za dhihaka zilitumiwa kama silaha ya kulidharau kanisa, wakaogopa yasije yakaingia na kwao. Tena swali lao moja lilikuwa la haki: je, mchekeshaji na kasuku wake wasaidia nini mtu awazaye Karamu ya Bwana? Sisi tumejaribu kulijibu swali hilo kwa kumtetea Veronese, na twakiri ya kuwa hatukuweza kikamilifu. Paka wa Lotto ana kazi katika habari; kasuku wa Veronese hana kazi ila kufurahisha macho. Lakini mtumishi mwenye damu puani twamtetea kabisa, maana hakuna karamu isiyo na mtu ambaye ameumia jikoni wala hapana amwulizaye hali. Mchoraji alimwona.

Na Veronese alifanyaje? Hakumwondoa mbwa, wala mchekeshaji, wala askari. Alibadili jina tu. Akaandika juu ya picha ya kuwa ni karamu kubwa aliyoifanya Lawi, Luka sura ya 5. Watu wengi wameuona ujanja huo, wakacheka. Sisi twaomba msomaji afungue Luka aisome sura hiyo, ndipo auone mzaha wenyewe. Maana katika karamu ya Lawi watoza ushuru na wenye dhambi wameketi pamoja na Bwana, na Mafarisayo na waandishi wananung'unika, wanauliza kwa nini anakula na watu wa namna ile. Yaani waamuzi walinung'unika kwa sababu ya watu wasiofaa mezani pa Bwana, na mchoraji akaitia picha yake katika habari ambamo manung'uniko hayohayo yalijibiwa na Bwana mwenyewe. Kama alikusudia hivyo, hatuwezi kuapa. Lakini jibu limo, na picha ingalipo Venice hata leo.

Hata hivyo si kila kicheko cha wachoraji wale ni cha kusifiwa. Michelangelo alipokuwa akichora Hukumu ya Mwisho katika kanisa dogo la Papa huko Roma, kazi aliyoimaliza mwaka 1541, afisa mmoja wa Papa, Biagio wa Cesena, aliishutumu kwa sababu ya miili iliyo uchi. Mwandishi Giorgio Vasari asimulia ya kuwa Michelangelo alilipiza kisasi: alimchora Biagio kuwa Minos, mwamuzi wa kuzimu, mwenye masikio ya punda na nyoka aliyemzinga mwilini. Biagio alimlilia Papa, na yasimuliwa ya kuwa Papa alimjibu ya kwamba mamlaka yake hayafiki kuzimu. Watu wamecheka kwa habari hii karibu miaka 500. Nasi tulicheka. Lakini tulipokwisha kucheka tulifikiri: mtu mmoja amewekwa motoni kwa mkono wa mwenziwe, mbele ya altare, kwa kosa la kusema maoni yake, wala hana njia ya kujitetea. Ustadi wa mkono ule hatuubishi. Kicheko chake twakikataa. Chamdhalilisha mmoja ili wengine wafurahi, na hicho ndicho kicheko tunachowakataza watoto wetu wanapomcheka kiwete.

Tofauti hiyo yaonekana wazi tukimtazama Pieter Bruegel, aliyefariki Brussels mwaka 1569. Mwaka 1559 alichora picha moja ya kijiji ambayo ndani yake mna methali zaidi ya 100 za watu wa nchi yake, kila moja ikitendwa kama ilivyo kwa maneno. Mtu anapiga kichwa ukutani. Mwingine anatupa maua mbele ya nguruwe. Mmoja anamkata kondoo manyoya, na jirani yake anamkata nguruwe! Mmoja anafukia kisima, na ndama amekwisha kufa ndani; sisi twasema majuto ni mjukuu. Mmoja amekaa majivuni katikati ya viti viwili, hana hiki wala hiki. Sisi twasema njia mbili zilimshinda fisi. Mwingine anachukua mwanga wa jua kwa kikapu apeleke nje. Nasi twajua wale watekao maji kwa pakacha. Picha hii imo Berlin, na twasadiki ya kuwa wazee wa kijiji chetu wakiketi mbele yake siku nzima, hawatahitaji mwalimu. Wataelewa kuliko wengi waliosoma.

Je, Bruegel anawacheka wanakijiji? Wengine wamesema hivyo. Tazama basi picha yake ya arusi ya wakulima, ya yapata mwaka 1567, iliyoko Vienna. Arusi inafanyika ghalani. Wanaume wawili wanachukua vyakula juu ya mlango uliong'olewa, kwa kuwa hakuna sinia la kutosha. Mpiga zumari amesahau kupiga, anavitazama vyakula kwa njaa. Mtoto mwenye kofia kubwa inayomfunika macho amekaa chini, analamba kidole. Bibi arusi amefumba mikono, kimya, macho yamelegea. Na bwana arusi ni yupi? Wataalamu wabishana hata leo. Yote haya yachekesha, lakini tafuta katika picha nzima mtu mmoja aliyedhalilishwa, hutampata. Karel van Mander, aliyeandika habari za Bruegel mwaka 1604, asema ya kuwa alipenda kwenda kwenye arusi za wakulima amevaa mavazi yao, akipeleka zawadi kama jamaa. Picha yenyewe yatuelekeza kulisadiki neno hilo, maana mlango ule uliogeuzwa sinia hauonwi na mpita njia. Huonwa na aliyeketi akangoja chakula.

Basi twaona mizani ya kupimia. Wapo wachoraji waliochezea macho tu, kama Giuseppe Arcimboldo, ambaye mwaka 1563 alichora kichwa cha mtu kwa mazao ya kiangazi: pua ni tango, na sikio ni gunzi la mahindi, mmea ambao Ulaya ilikuwa imeupata kutoka Amerika karne ile ile hivi. Hayo ni mafumbo ya kupendeza, hayana madhara. Lakini kicheko kilicho bora ni kile kinachomleta mtu karibu: karibu na mbingu, kama kwa Raphael, karibu na neno la Injili, kama kwa Lotto, karibu na jirani, kama kwa Bruegel. Na kicheko kibaya ni kile kimtengacho mtu na wenziwe. Swali si kama picha ni takatifu au si takatifu. Swali ni kama baada ya kucheka tumependa zaidi au tumedharau zaidi.

Tukaurudia moyo wetu. Kijana yule alipomcheka malaika, alimtaja mdogo wake. Alimwona malaika katika ndugu yake, na ndugu yake katika malaika. Je, si hivyo Raphael alivyotaka? Watoto wengine wa darasa lile walikuwa wameiona picha ile mwaka mzima wasione chochote, na sisi mwalimu wao pia. Yeye ndiye aliyeitazama.

Juma lililofuata tulimwalika mzee wa kanisa, tukasimama mbele ya watoto, tukawaambia ya kuwa tuliwaadhibu bila haki, na ya kuwa twaomba radhi. Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasogea karibu na picha, akavaa miwani yake, akawatazama wale malaika wawili, mmoja mmoja. Akasema, "Huyu wa kushoto ni mjukuu wangu hasa." Akacheka yeye, nao watoto wakapata ruhusa.